Nembo za Damu ya Mzee

Chumba cha kudarizi, nyuma ya duka la miwani
9 Januari

Kwako Injinia,

Marahaba. Naitikia mapema, maana shikamoo yako nikiisubiri nitazeeka zaidi. Mimi mzima, ila mgongo unanisema kila nikiinuka kwenye kiti. Mama yako mkubwa amewekewa meno mapya na sasa anacheka mpaka msibani. Mwenye duka la miwani bado kila asubuhi ananiuliza kama naona vizuri, nami bado namjibu kwamba namwona yeye, na hiyo ndiyo shida. Mkeo hajambo? Msalimie sana.

Utauliza kwa nini nimekuandikia na simu ipo. Nikikupigia, kila nikifika penye jambo lenyewe, mtandao wako unakatika. Nimechunguza, hukatika pale pale ninapotaja shida. Barua haikatiki, na ukiitupa utakuwa umeitupa kwa mkono wako.

Jambo lenyewe ni hili. Laptopu uliyonipa ukiniapia kwamba bado nzima kabisa imeanza vituko. Nikifungua programu ya kudarizi, kioo kinajaa mistari, kisha kinakuwa cheusi tititi, kisha kinarudi na ujumbe pembeni kwamba draiva ya kuonyesha iliacha kufanya kazi na sasa imerejea. Ilikwenda wapi, haisemi. Jana imeniacha katikati ya nembo ya kampuni ya walinzi, simba hana kichwa.

Ningeivumilia kama ninavyokuvumilia wewe, lakini chuo cha wauguzi kimepata mkuu mpya. Unajua nembo za wanafunzi wale nadarizi mimi miaka yote. Huyu mama mpya anataka kuona kundi la kwanza la nembo mwezi wa nne ndipo aamue kama anaendelea na mimi. Na mwenye nyumba anakitaka chumba hiki awaweke vinyozi. Tumekubaliana kwamba nikiipata kazi ya chuo nabaki, nikiikosa nafunga mwisho wa Mei. Nikifunga itabidi nihamie kile chumba chako cha nyuma unachonitajia kila mwaka, kinachotazama tangi la maji. Nimekiona. Hata ndoo isingekaa mle kwa hiari.

Kwa hiyo nitengenezee mashine.

Shangazi yako


Ofisini, ghorofa ya tano
27 Januari

Shangazi, shikamoo.

Barua imefika nikaisoma wakati wa chakula, nikiwa nimewapa mgongo wenzangu wasidhani nimeandikiwa na mahakama. Huku hatujambo. Kazi ni ile ile. Juzi mkurugenzi alilalamika kwamba kompyuta yake imekufa, nikapanda ngazi kwenda kuichomeka kwenye umeme. Mke wangu anakusalimu sana na anasema tunakukumbuka.

Laptopu haina kosa, mwenye kosa ni anayeitumia. Draiva ni programu ndogo inayoielekeza kompyuta namna ya kuitumia kadi yake ya picha. Ya kwako imepitwa na wakati. Haijaguswa tangu nilipokukabidhi, kwa sababu ulinikatalia kuiunganisha na intaneti ukisema kupitia huko wezi huingia ndani. Basi wezi hawakuingia, na maarifa nayo hayakuingia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ingawa safari hii mkuu ni mimi.

Sasa fanya hivi. Fungua Kidhibiti cha Vifaa, ile orodha ya sehemu zote za kompyuta, namna ya kukifikia nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Ndani yake tafuta mstari wa adapta za kuonyesha, ufungue, uninakilie jina la kadi. Jina lote. Usinijibu kwamba ni nyeusi, kama ulivyonijibu nilipokuuliza aina ya printa. Usipanguse kioo kwa spiriti. Usiipige ubavuni.

Kuhusu chumba, tangi lilihamishwa zamani, dirisha sasa linatazama uani. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, Shangazi. Si aibu.

Mwanao


Chumba cha kudarizi
6 Februari

Injinia,

Marahaba. Mimi si ng'ombe na guu langu zima.

Hapa hakuna jipya, ila mama yako mkubwa ameng'oa yale meno kwa kula, sasa anayaweka mfukoni na kuyavaa akipita mtu wa maana. Mimi sikumwona akiyavaa. Unasema mkeo ananisalimu sana na mnanikumbuka. Mwanamke yule tangu nimjue hajawahi kusema sentensi moja akaishia hapo. Mwambie aniandikie mwenyewe nusu ukurasa. Nataka habari za yule dada yake wa saluni, kama alimwacha fundi bomba au bado anadanganywa kwa maneno matamu.

Nimekifungua hicho kidhibiti. Kina mistari mingi kuliko waalikwa wa harusi, na kabla sijafika kwenye adapta zako kioo kikawa cheusi. Nikarudia, kikawa cheusi tena. Basi nikailaza laptopu kifudifudi, nikatandika karatasi yangu ya kunakilia michoro juu ya ile stika ya tumboni, nikapitisha penseli. Nakutumia. Kila herufi ipo na kila namba ipo, pamoja na ule mkwaruzo ulioufanya mwenyewe ulipoiangusha ngazini ukamsingizia paka. Mtu aliyesoma mpaka akafika ghorofa ya tano ataweza kuisoma.

Chuo kimeniletea vitambaa. Vimekaa hapa vinanitazama. Fanya haraka.

Shangazi yako


Ofisini
2 Machi

Shangazi, shikamoo.

Samahani kwa kuchelewa, kulikuwa na mambo. Afya ipo. Mke wangu anakusalimu sana, ana shughuli nyingi ndiyo maana hajaandika. Dada yake hajambo.

Ile karatasi yako ofisini wameipitisha meza kwa meza. Mmoja ameuliza kama wewe ni mchora ramani za hazina. Lakini imesomeka, na kadi yako nimeijua. Ni ya zamani kiasi kwamba watengenezaji wake waliacha kuitolea draiva miaka mingi iliyopita. Nimeipata ile ya mwisho waliyoitoa, nimeiweka kwenye flashi, na flashi nimeifungia kwenye soksi ndani ya bahasha, maana wapakiaji wa mizigo ya basi hurusha bahasha kana kwamba wanacheza mpira.

Zima programu zote. Chomeka flashi. Fungua Kidhibiti cha Vifaa na usiguse kitu kingine chochote, kisha uende kwenye adapta za kuonyesha. Kioo kikiwa cheusi usitukane, subiri kirudi, endelea ulipoishia. Bofya jina la kadi mara mbili, nenda sehemu iliyoandikwa Draiva, ubonyeze Sasisha Draiva. Ikikuuliza mahali pa kutafuta, uichagulie flashi. Ikimaliza itataka kuzimwa na kuwashwa upya. Itii. Najua neno hilo ni gumu kwako.

Mwanao


Chumba cha kudarizi
14 Machi

Injinia,

Marahaba. Soksi imefika, na ina tundu kidoleni. Mkeo siku hizi hashoni?

Nimekaa na barua yako magotini nikafanya yote uliyoandika, isipokuwa la kutotukana. Imekubali. Mistari hakuna, giza hakuna, na kioo kimekuwa kama dirisha lililooshwa. Nakushukuru, na sitarudia.

Lakini kuna jambo. Nembo ya chuo imebadilika rangi. Miaka yote naiona damu ya mzee, ile nyekundu iliyotulia. Leo nimeifungua ni nyekundu ya pilipili mbivu. Kazi yangu unaijua: nashika rola ya uzi kando ya mchoro kiooni, vikifanana nashona. Namba za uzi sizijui na muuzaji wangu hazijui vilevile. Sampuli sina, kazi yangu yote iko vifuani mwa watu, na hizo za wauguzi hufuliwa kwa dawa kali mpaka hazijui zilizaliwa na rangi gani. Jicho langu linaniambia damu ya mzee, mashine yako inaniambia pilipili. Nishone ipi? Jibu bila kuzunguka, vitambaa vimeshakatwa.

Shangazi yako


Ofisini
22 Machi

Shangazi, shikamoo. Natumai mgongo umepoa.

Hii ya sasa ndiyo rangi ya kweli. Ile draiva ya zamani ilikuwa inatia giza kila kilicho chekundu, nimewahi kuliona tatizo hilo kwenye mashine za umri huo. Mchoro walioleta chuo ulikuwa mwekundu tangu siku ya kwanza. Kioo kilikudanganya, nawe ukaendelea kuwadanganya wauguzi miaka yote hiyo, na hakuna aliyethubutu kukuambia kwa sababu wanakuogopa.

Shona unachokiona. Mara moja tu katika maisha yako mwamini mtu aliyesomea kitu.

Salamu kutoka nyumbani.

Mwanao


Chumba cha kudarizi
11 Aprili

Wewe,

Salamu utazipata mwisho kama zitabaki.

Nilikuamini. Andika mahali, kwa sababu halitatokea tena. Nimeshona kundi zima kwa nyekundu yako ya kweli, nikavaa kanga mpya, nikazipeleka chuoni mwenyewe. Mkuu wa chuo akaishika moja, akamtazama kifuani muuguzi aliyekuwa amesimama mlangoni, akaitazama tena ile ya mkononi. Akaniuliza kwa adabu, na adabu ndiyo iliyoniua, "Mama, hizi ni za akina nani?"

Nikamweleza habari za draiva. Nikamwambia hii ndiyo rangi yao halisi na ile nyingine ilikuwa kosa la kioo. Mwanamke yule ananisikiliza, anatikisa kichwa taratibu, kisha ananiuliza kama nina mtu wa kunirudisha nyumbani.

Unajua lango la chuo lile? Walilipaka rangi kufuata nembo yangu. Na mabenchi. Na pindo za mapazia ya ukumbi. Mji mzima unawajua wauguzi kwa damu ya mzee, halafu wewe uliyekaa ghorofa ya tano unaniambia mji mzima umekosea. Nilikwenda langoni na rola zangu za uzi nilinganishe, jua limeshaibabua ile rangi, na mlinzi akaniondoa akidhani nauza. Yuko kwenye sare yenye simba wangu kifuani.

Kwa huruma yake mkuu amenipa mpaka tarehe kumi Mei nilete za rangi yao. Nina rola nne za nyekundu ya giza na hakuna hata moja ninayoiamini, kwa sababu sasa hata jicho langu siliamini, na hilo sikusamehe. Si wauguzi peke yao. Walinzi, kwaya, shule mbili, michoro yote imegeuka, na yote niliijua kwa kioo kile. Vinyozi wameshakuja kupima ukuta wa kutundika vioo vyao.

Nirudishie draiva yangu ya zamani, pamoja na mistari yake na giza lake. Niambie namna.

Salamu hazikubaki.

Shangazi yako


Nyumbani
19 Aprili

Shangazi, shikamoo, na pole sana.

Nimeumia kusikia, ingawa kitaalamu nilikuwa sahihi. Ningetaka kukusaidia lakini ya zamani haiwezi kurudi. Draiva ikishabadilishwa imebadilishwa, kama nywele zilizokwisha kunyolewa.

Labda ni ishara, Shangazi. Umedarizi vya kutosha. Kwa nini upigane na mwenye nyumba, na mkuu wa chuo, na mashine ambayo hata fundi wa mitumba angeikataa? Funga. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi, nyeupe isiyong'aa sana, najua hupendi kinachong'aa. Godoro nimelinunua, si la sponji laini, ni lile gumu la watu wa mgongo. Kuna meza chini ya dirisha, na mwanga huingia mpaka jioni, cherehani yako itaenea bila kusogezwa kitu. Jikoni nimeweka kiti cha pili cha kuegemea. Naweza kuomba ruhusa kazini nije na gari nikubebe wewe na kila kitu, hata wiki ijayo.

Jibu utakapoipata hii. Ukitaka piga simu, mtandao huku umekuwa mzuri.

Mwanao


Chumba cha kudarizi
2 Mei

Injinia,

Marahaba. Mimi mzima kabisa na mama yako mkubwa amepoteza meno ya juu.

Barua yako ya draiva ilichukua karibu mwezi. Hii ya godoro imefika kabla wino haujakauka. Nimeisoma nikahesabu moyoni: mistari miwili ya mashine, iliyobaki yote fanicha.

Sasa nisikilize. Baada ya kuisoma nikafungua Kidhibiti cha Vifaa, ambacho siku hizi nakifungua kama mlango wa chooni. Nikaenda kwenye adapta, kwenye jina la kadi, kwenye sehemu ya Draiva, njia ile ile uliyonifundisha wewe. Kile kitufe cha Sasisha ulichoniambia nibonyeze kipo. Na chini yake kabisa, kimelala kama mtoto mvivu, kipo kingine kimeandikwa Rudisha Draiva ya Awali. Nikakibonyeza. Kikaniuliza kama nina hakika. Nikazima, nikawasha.

Mistari imerudi, giza limerudi, na damu ya mzee imerudi. Kwa kila nembo kioo kinazimika mara mbili, mimi nakunja mikono nakingoja. Uzi ulikuwa rola ya tatu, ile niliyoikisia tangu mwanzo, na jicho langu limenirudia. Nimeshona kundi lote. Mkuu wa chuo ameibandika moja kifuani mwa muuguzi yule yule wa mlangoni, akacheka, akatia sahihi. Vinyozi wameambiwa watafute kwingine.

Hayo yamekwisha. Tuje kwako.

Mimi niliyeacha shule nikiwa na vitabu vya kuazima nimekiona kitufe. Wewe unayelipwa kwa kuviona vitufe ukaniandikia habari za nywele zilizonyolewa. Mjinga hukukuwa hata utotoni, nilikulea mimi, najua. Ulikijua. Ulikuwa tayari kuniacha nifunge kazi ya maisha yangu na ulijua ninachopaswa kubonyeza. Nimekasirika mpaka nimefumua mshono uliokuwa mzuri.

Halafu nikatulia nikazisoma barua zako zote tena. Mkeo alinisalimu sana, akanisalimu sana tena, akawa salamu kutoka nyumbani, na katika hii ya mwisho hayumo. Soksi ina tundu. Jikoni umeweka kiti cha pili. Nyumba ya mume na mke, kiti cha pili hukuwa nacho?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nijibu, nusu ukurasa, na usitaje mashine.

Shangazi yako


Nyumbani
9 Mei

Shangazi, shikamoo.

Aliondoka mwezi wa kumi. Hakukuwa na kelele wala mtu wa tatu. Alisema amechoka kuishi na mtu anayejibu kila kitu kwa kusahihisha. Alichukua viti kwa sababu vilikuwa vyake, vya kwao.

Kitufe nilikijua. Barua ya Machi niliandika nikiamini rangi ile, naapa. Ile ya Aprili nilijua ninachokifanya. Nikirudi jioni naikuta redio ninayoiacha ikisema peke yake makusudi, ili nikifungua mlango pawe na sauti. Nimechoka na redio, Shangazi. Ningekuita lakini ungekuja kunihurumia, na mji mzima ungejua kwa nini umekuja. Nikaona bora uje kwa kuwa huna pengine pa kwenda, ili mwenye shida aonekane wewe.

Nusu ukurasa umeisha. Nisamehe.

Mwanao


Chumba cha kudarizi
16 Mei

Mwanangu,

Marahaba.

Kwa hiyo ulitaka mimi niharibikiwe ili wewe usionekane umeharibikiwa. Nimelisoma hilo mara nyingi na kila mara nimekuona mjinga zaidi, na kila mara nimelia, kwa hiyo usijisifu kwamba umenikasirisha tu. Baba yako alikuwa hivi hivi. Aliumwa jino mwezi mzima akisema ni upepo.

Mkeo sitamsema vibaya. Aliyoyasema juu yako ni kweli, na mwenye kweli hafukuzwi kwa matusi. Utakapokuwa umejifunza kumsikiliza mtu mpaka mwisho wa sentensi utamwandikia. Akikataa amekataa.

Wauguzi hawahitaji nembo nyingine mpaka Agosti. Mwenye nyumba nimemwachia ufunguo mmoja, wa pili ninao mimi, na karatasi ya mkataba wa chumba wa miaka mitatu nimeiweka mahali nisipoweza kuisahau. Jumamosi napanda basi la asubuhi. Godoro gumu sawa. Rangi nitaiona nikifika, usitegemee sifa. Sitakaa hapo daima, na usiku usinizungushe kwa habari za kuhamia.

Nilikukatalia miaka yote kwa sababu kila ulipoita uliniita kama mtu wa kusetiriwa. Ningekosa pa kukaa ningelala kwa mwenye duka la miwani, juu ya kaunta yake, nisingekuja kwako. Sasa nina changu, nimekifunga mwenyewe kwa mkono wangu, ndiyo maana nakuja.

Shangazi yako